Sahani ya Sita

Alihamia mwezi wa Shaabani, nyumba ya ubavuni,
hapa Hail, ambako kuta ni nene na watu hawaulizani.
Mapazia yake hayajatundikwa, alishajua
siku ya boza la maji, siku ya taka,
na saa anayoondoka Talib kwenda Fahud, visimani:
wiki mbili jangwani, wiki mbili kwangu.

Bi Moza hapigi hodi. Hukohoa.
Huingia na sahani iliyofunikwa kitambaa:
leo vitumbua, kesho halwa ingali moto,
keshokutwa swali.
“Zeyana mwanangu, chumba kile cha nyuma,
mbona kiyoyozi kinavuma na hakuna alalaye?”
Stoo, nikamwambia. Makaratasi ya mume wangu.
“Ufunguo unao?”
Nikacheka.
Yeye hakucheka.

Nilimchukia, sikufichi.
Alijua nimenunua dawa gani, nimelia saa ngapi.
Na Talib akirudi, yeye husafiri,
Suhar, kwa mwanawe, asema.
Mume wangu hajaona hata upindo wa baibui lake.
“Jirani gani huyo, wa kuja mimi nikitoka?”
Mpweke tu, nikamjibu. Mpweke tu.

Hadi Jumatano ile umeme ulipokatika.
Mimi napapasa ukuta wa nyumba yangu mwenyewe;
yeye akanipita gizani,
akashuka kile kidato cha jikoni kinachowaangusha wageni wote,
akavuta droo ya tatu,
akatoa kiberiti.
Kilipowaka, alikuwa analitazama jiko langu
kama mtu aliyesoma jina lake kaburini.

Mke wa kwanza, aliniambia Talib siku ya posa,
alikufa njia ya Nizwa, gari lilipinduka,
akazikwa siku ile ile. Picha hakuna.
Zimebaki sahani tano zenye ukingo wa buluu.
Ya sita? Aliivunja marehemu.
Nami nikazifuta vumbi miaka minne, sikuuliza la pili.

Leo umekuja mkate wa kumimina.
Chini ya mkate, ufunguo.
Chini ya ufunguo, ukingo wa buluu.

Mila yetu sahani hairudi tupu.
Hii sikuirudisha kabisa.
Nimeiosha, nimeikausha,
nimeipanga mezani na wenzake.

Talib amefika na vumbi la njiani kopeni.
Ananawa. Anaketi. Anamsifu samaki.
Kisha midomo yake inaanza kuhesabu bila sauti,
na mkono wenye tonge unasita hewani.
Nyuma ya ukuta, kinu cha iliki
kilichokuwa kikitwanga tangu magharibi
kimenyamaza.

“Zeyana,” anasema, taratibu mno,
“hii ya sita imetoka wapi?”

Ufunguo umeshika joto la kifua changu.
Namwongezea wali.
Kula kwanza, namwambia.
Mwenyewe anakuja kuichukua.

Mlangoni, mtu anakohoa.