Ratiba ya Wannes

Wannes ameleta karatasi ya miraba,
ile ya kufanyia hesabu, na rula,
amezikata siku tatu za Brugge vipande vya robo saa.
Saa tatu na robo, mnara. Saa nne kasoro robo, kanisa.
Saa nne na dakika ishirini, kahawa, dakika kumi na mbili.
Nimemuuliza, na kukojoa je?
Akaongeza mstari.

Simlaumu. Miaka thelathini na mmoja
alisimama kwenye mkanda wa kiwanda, hapa Genk,
akifunga milango ya magari,
kila mlango na sekunde zake hamsini,
ya hamsini na moja si yako tena, ni ya mwenzio.
Kiwanda kilifungwa. Mkanda umebaki mwilini mwake:
hata supu huinywa kana kwamba inampita.

Tumewahi kufika Brugge, mwaka tuliooana.
Treni ya asubuhi, treni ya jioni,
makumbusho manne, makanisa matano,
tukapigwa picha mbele ya kila kitu.
Leo niulize niliona nini.
Nakumbuka kisigino cha kiatu changu chekundu
kimenaswa kati ya mawe ya barabara,
na Wannes amepiga magoti, anakivuta,
anacheka, saa yake imefunikwa na mkono wa shati.
Ni hicho tu. Mji mzima wa karne na karne,
nimebaki na kisigino.

Kwa hiyo nimechukua kifutio.
Nimefuta mashua yenye kipaza sauti
kinachotangaza kila daraja kwa lugha tano
kabla daraja lenyewe halijapata nafasi ya kukutazama.
Nimefuta ziara ya kiwanda cha bia, nikaibakiza bia.
Nimefuta makumbusho mawili. Ya tatu tumeyabishania
mpaka viazi vikaungua jikoni,
nikamwachia: picha moja, aichague mwenyewe,
asibanduke mpaka nayo imzoee.

Godelieve, mwenye nyumba ya wageni kando ya Langerei,
alinijibu kwa simu, sauti ya mtu anayekata vitunguu.
Njooni Jumanne, alisema, mabasi huwa machache.
Chumba kiko juu, ngazi nyembamba, goti la mumeo likoje?
Nikasema goti ni jipya, la chuma, kichwa ndicho cha zamani.
Akacheka. Halafu akanipa anachokijua:
kwamba saa kumi na mbili asubuhi mfereji hauna hata kunyanzi,
nyumba zimesimama humo kichwa chini, miguu juu,
na bata mmoja akikatiza anazibomoa zote,
kisha zinajijenga tena bila fundi;
kwamba kuna benchi karibu na kinu cha upepo, juu ya tuta la nyasi,
limevunjika mgongo, kwa hiyo halina wa kuligombea;
kwamba mvua ikinyesha tusikimbie,
maana itatukuta tu, na yeye ana taulo.

Mnara amekataa nisiufute.
Ngazi mia tatu sitini na sita, na goti la chuma!
Nimesema haya, panda. Mimi nitakaa uwanjani
na viazi vyangu vya kukaanga ndani ya karatasi,
farasi wa mabehewa wakinichungulia,
na nitakusubiri bila kutazama saa.
Ukikawia, nitaagiza vingine.

Jana usiku nimeikuta karatasi mezani.
Imekuwa nyeupe kama shuka la hospitali,
alama za penseli zimebaki makovu tu.
Jumatano: mnara, peke yake, hauna saa.
Na Alhamisi, ndani ya mraba usiozidi ukucha,
kwa ule mwandiko wake wa kujaza fomu za zamu,
ameandika: vile viatu vyekundu, bado unavyo?

Sinavyo. Viliota ukungu ghalani, nikavitupa
wala sikumwambia.
Nimeandika chini yake: tutanunua vingine,
saa yoyote ile.