Kigugumizi

Kaileta Mheta saa nne, kaifunga kitenge
kama mgonjwa wa kupelekwa Mvumi.
Chensoo ya zamani: rangi yake imebaki
pembeni mwa skrubu tu,
mpini umeviringishwa tyubu ya baiskeli,
sailensa imetobolewa matundu mawili ya ziada,
na silinda si yake, ni ya kuazima,
pana kuliko kifua ilichovishwa.
"Marehemu kaka aliichezea," akasema.
"Ilikuwa ikilia, inasikika Kongwa."

Kibaigwa, Septemba. Upepo unabeba pumba za mahindi
kutoka sokoni, unazipeleka kila penye upenyo.
Nikafungua chujio: uji mkavu wa vumbi na oili.
Nikanusa tangi: petroli imetiwa mafuta ya taa.
Nikamwaga. Nikachanganya upya,
ishirini na tano kwa moja,
oili naipima kwa kizibo cha dawa ya kikohozi.

Kabureta inakaa kiganjani kama yai la kanga.
Ndani kuna kiwambo, ngozi ya kuvutia pumzi,
nacho kimekakamaa
kama ngozi ya muheme iliyosahauliwa juani.
Nikaweka kingine, cha mashine iliyokwisha kufa.
Skrubu mbili. Nazifunga taratibu mpaka ziguse.
Ziguse tu; ukikaza, umeiharibu sindano.
Kisha narudi nyuma mzunguko mmoja, na mmoja.
Hapo ni pa kuanzia.

Vuta kamba. Vuta.
Ya sita ikakohoa, ikawaka,
ikapanda yenyewe, hakuna aliyeigusa,
ikashuka, ikapanda,
kama mtu anayeweweseka.
Mheta akarudi hatua mbili. "Ndiye huyo."
Mimi nikasema, ni he-hewa.

Nikachota grisi kwa kidole,
nikapaka mpira wa shingoni, unaoshika kabureta.
Ikatulia.
Ufa mwembamba kama unywele,
unafunguka ukipata moto, unajificha ukipoa.
Pistoni mbili kaka yake aliziunguza
akizungusha skrubu usiku na mchana,
akitafuta kosa mahali lisipokuwepo.
Sikumwambia Mheta hivyo.
Nilikata mpira wa rejeta ya Fuso, nikaubana kwa waya.
Petroli itaula. Kiangazi kijacho utarudi, nikamwambia,
u-usije ukasema sikukuambia.

Sasa vijana wa bodaboda wamejaa mlangoni.
"Kaza, fundi! Ilie!"
Wanautaka ule mluzi mwembamba, mkali,
wanadhani ndio nguvu.
Ule ni kiu. Ni chuma kinachokosa mafuta
kikiomba maji kwa sauti ya sherehe.
Nikafungua skrubu robo, nikaongeza unywele,
moto wote, mnyororo hewani:
bru-bru-bru, ikagugumiza.
Wakacheka. "Mmefanana!"

Ni kweli.
Shule ya Mlali, darasa la tatu,
Mwalimu alinikaza kwa fimbo
ili nitoe mluzi mmoja ulionyooka.
Nilikaa kimya miaka miwili.
Sijui niliunguza nini humo ndani.

Nikaibeba mpaka nyuma ya kibanda cha Mama Nyemo,
kwenye shina la mwarobaini ulioangushwa na upepo
juu ya simtangi la shule, wakaliburuta mpaka hapa.
Bru-bru, bru.
Nikashusha meno.
Mti ulipoyapokea tu, kigugumizi kikaisha,
sauti ikashuka, ikanyooka, ikajaa,
unga mweupe mchungu ukaturukia midomoni,
na kipande kikaanguka kabla ya mtu kupiga makofi.
Nilipoinua, ikarudi kugugumiza.
Vizuri. Iache hivyo.

Mheta kalipa nusu.
Nusu nyingine akiuza alizeti, kasema,
nami nimeandika ukutani kwa mkaa, chini ya wengine.
Ameshaifunga kwenye kitenge, amefika barabarani,
akageuka:
"Fundi, na ikigugumiza tena?"

I-i-ipe gogo.