Naye Aje

Baba yake, mzee Iraj, alikuwa akiosha mazulia
nyuma ya gereji yao mjini Fresno,
na maji yakitiririka mekundu hadi kwa jirani
aliyewapigia polisi simu mara mbili, akidhani ni damu.
Hiyo ndiyo filamu ya kwanza ya Mandana:
dakika kumi na moja, maji, soksi za baba,
kamera ya duka la rehani, kitufe chake kimoja
kikibonyezwa kwa njiti ya kiberiti.
Mimi nilishika maikrofoni.
Tangu siku hiyo sijaishusha.

Ya pili aliuza gari.
Usiku kumi na tisa ndani ya saluni ya kucha,
kwa sharti kwamba alfajiri tuache meza safi,
ujira wetu wali na kuku wa zafarani
aliopika mama yake, Mahin, bila kuuliza tunapiga nini.
Kule Sacramento walikuja watu saba.
Wawili walikuwa fundi wa mitambo na mkewe.

Los Angeles, ghorofa ya kumi na nne,
mtayarishaji mwenye meno meupe kama sinki
alisoma mswada huku akitafuna lozi.
Ongeza ushungi, alisema. Ongeza mpaka, askari,
mjomba mwenye hasira.
Na huyu mhusika wako, mwanzo analala na Dolores,
mwisho analala na Wendell,
sasa watazamaji washike lipi?
"Washike viti vyao," alisema Mandana,
tukateremka kwa ngazi, ghorofa zote,
mimi nikicheka, yeye hacheki.

Njia mbili zilimshinda fisi. Haya.
Lakini fisi alikuwa akifuata harufu ya nyama.
Huyu alifuata watu.
Amewapenda wanaume, amewapenda wanawake,
si kwa zamu kama mlinzi wa lango,
wala kila mmoja hakupewa nusu.
Wasichana wa baa ile ya kona walimwita mtalii.
Wendell aliposikia habari za Dolores
alidhani ni homa, itapita.
Haikupita. Aliyepita ni Wendell,
na Dolores baada yake, na sufuria zote mbili nzuri.

Kiingereza kilimbana. Kila sentensi ilitaka kujua
mwanamume au mwanamke, kabla haijafika kwenye kitenzi.
Basi mambo ya moyo aliyaweka kwa Kiajemi,
lugha isiyouliza, kama hii isivyouliza:
yeye amechelewa,
yeye anapenda chai kali,
yeye ameondoka na blanketi langu.
Miaka ishirini Mahin alimsikia huyo yeye kwa simu,
akikata uzi wa magauni ya watu kwa meno.
Hakuwahi kusema, nani?
Sijui kama alikuwa hajui.

Mwaka huu Mandana ametimiza arobaini na sita.
Mchana anafundisha uhariri katika chuo kidogo,
na barua ya deni la filamu ya nne
bado iko mlangoni pa jokofu, imeshikwa na sumaku.
Iraj amekufa. Sakafu ya gereji imekauka, imebaki na doa.
Katika filamu ya tano wanawake wawili wanakunja zulia,
basi, hakuna zaidi,
lakini jinsi wanavyolikunja!

Mahin alikuja. Alikaa safu ya nyuma, pochi mapajani.
Taa zilipowaka hakupiga makofi.
Zulia mmelikunja vibaya, alisema,
nyuzi zitakatika, baba yako angelia.
Kisha, mkono mmoja tayari ndani ya koti,
akiutafuta wa pili:
Ijumaa napika. Naye aje.

Nilikuwa hapo, nazungusha nyaya kiwikoni.
Mandana hakunitazama.
Ijumaa nilichana nywele, nikanunua maua ya manjano,
maikrofoni nikaiacha garini,
nikaenda.