Piga Kofi Moja

Piga kofi moja katikati ya chumba,
usikilize kinavyokujibu.
Changu, kule Ndosho, kilijibu trrr,
kama shanga zimemwagika sakafuni
zikakimbizana ukuta hadi ukuta.
Mita tatu kwa tatu. Mraba kamili.
Fundi aliyekijenga alijivunia usawa wake;
hakujua sauti haipendi usawa.

Miezi miwili nilichanganya nyimbo za kwaya humo.
Kwangu besi ilinguruma kama mlima umekohoa;
nikiupeleka wimbo kwenye redio ya kinyozi Paluku,
besi hakuna, wamebaki nyuki ndani ya debe.
"Dada," aliniuliza, "mliimba au mlinong'ona?"

Nilikuwa na dola thelathini na nane
na deni la jenereta.

Mama Nzigire, muuza mayai, alinipa trei bure.
Nilizibandika usiku kucha kwa uji wa muhogo.
Kofi. Shanga zilipungua kidogo,
lakini besi ilizipita trei zile
kama gari la mkubwa kwenye kizuizi.
Panya ndio walionishukuru.

Nikang'oa.

Birere: magunia ya kahawa,
mablanketi ya mtumba, mazito,
yenye harufu ya maisha ya watu wengine.
Fundi Bisimwa akanikatia fremu sita za mkaratusi,
akauliza ni madirisha ya nyumba gani.
Nikamwambia ni madirisha ya kufungwa milele.
Akacheka, akapunguza bei.

Kitenge cha juu nilikichagua kwa pumzi:
kiweke mdomoni, upulize.
Pumzi ikipita, sauti nayo itapita,
itaingia, itachoka humo ndani, italala.
Muuzaji aliniona nikibusu vitambaa vyake kimoja kimoja,
akanipa pole ya ndoa.

Mdogo wangu Kavugho akashika kioo,
akakitembeza ukutani polepole,
nami nimeketi pale ninapofanyia kazi.
"Sema ukiiona spika."
Naiona. Tia chaki.
"Na sasa?"
Sasa naona sikio lako. Sogea.
Palipo na spika ndani ya kioo
ndipo sauti hugonga kabla ya kunifikia,
ikaja na umbea wake.
Hapo tulitundika fremu, bila kuzigandamiza:
upana wa kiganja kati ya blanketi na mbao,
maana hewa nayo hufanya kazi, na haidai mshahara.

Pembeni, ambako besi hujificha kama mwenye deni,
tulisimamisha godoro kuukuu, vipande vya pembetatu,
kutoka sakafuni hadi mabati.

Ukuta wa nyuma sikuugusa.
Ni wa mawe ya mlima, meusi, yenye matundu,
hakuna jiwe linalofanana na mwenzake.
Mwenye nyumba alitaka kuupiga lipu, upendeze.
Nilimsihi auache na ubaya wake:
sauti ikifika pale hutawanyika
kama watoto waliosikia kengele ya kwenda nyumbani.

Kofi moja.
Pa.
Basi.

Nikaufungua ule wimbo wa Pasaka.
Miezi miwili nimemlaumu Kasereka,
nimemwambia mbele ya kwaya nzima
kwamba sauti yake ya tatu inateleza.
Nikasikiliza. Kasereka amenyooka kama msumari.
Anayeteleza ni mwanamke mmoja, safu ya pili,
anayevuta pumzi kwa pupa kabla ya kiitikio,
ninayemfahamu tangu nizaliwe.

Nikazima. Nikawasha.
Bado ni mimi.

Kuna kitu kimoja ambacho dola zangu hazikukifikia:
mvua ya saa tisa juu ya mabati.
Ikianza, naondoa mikono mezani, nasubiri.
Leo imewahi.
Kavugho anauliza tufanye nini.
Nimeshika simu, jina la Kasereka liko kwenye kioo chake,
na mvua, kwa bahati,
haimruhusu mtu yeyote kusikika.