Mjumbe Aliyefungiwa Ndani

Chumba cha mwisho, Hospitali ya Amana.
Pazia tumelibana kwa vibanio vya nguo,
mlangoni nimebandika karatasi: KIMYA.
Kimya, Ilala? Na soko liko pale?

Mwarami, fundi bati wa Buguruni,
alikanyaga msumari Jumanne,
akaung'oa, akapaka mafuta ya taa,
akarudi juu ya paa.
Siku ya nane taya likagoma.
"Nilidhani ananicheka," mkewe kaniambia,
"nimemwekea uji, ananikenulia meno."

Sumu haina haraka.
Ilipanda ndani ya neva toka unyayoni
kama dalali anayeijua nyumba anayoitaka,
hadi uti wa mgongo.
Neno *kaza* haikuligusa.
Ilimwendea mjumbe mwingine, yule mpole,
glisini jina lake,
mwenye ujumbe mmoja tu: basi, yatosha, legea.
Ikakata kamba ya mlango wake.
Yumo, kajaa tele vifukoni,
hatoki.

Haya niliyakariri chuoni, nikafaulu, nikayasahau.
Kumbe kila hatua ninayopiga
kuna msuli umeambiwa vuta
na mwenzake, nyuma, anabembelezwa aachie.

Saa nne usiku muuza kahawa anapita,
vikombe vyake kri-kri, kri-kri,
na Mwarami anakuwa daraja:
kisogo huku, visigino kule,
chini ya mgongo ungepitisha beseni.
Akili yake timamu. Macho yananiona.
Nikatoka na malapa mpaka barabarani.
"Kaka, nakuomba, vikombe hivyo."
Alinitazama kama mwehu,
kisha akavifunga kwa leso.

Pepopunda, tunaita.
Pepo sijamwona.
Punda namwona kila zamu:
kabebeshwa, na hakuna wa kumwambia tua.

Dawa tuliyomdunga hukamata sumu iliyo njiani;
iliyokwisha kuingia, imeingia.
Kinachobaki ni usingizi wa dripu, tone kwa tone,
na kungoja neva iote ncha mpya,
kazi ambayo hata bosi wa wodi hawezi kuiharakisha.

Leo, siku ya ishirini na tatu,
kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto
kilifunguka juu ya shuka.
Nje lori likapiga honi.
Nikashika pumzi.
Kidole hakikusikia,
au kilisikia,
na kikaambiwa kilale.