Daftari la Fundi wa Kikwajuni

Ukurasa wa kwanza una doa la chai
na jina nililoliandika kwa penseli: Kazija Vuai.
Kifua thelathini na mbili. Kiuno ishirini na tatu.
Mke wangu Mafunda akipima nyuma ya pazia,
akiita nambari; mie nje nikiandika,
na kila niliyoiandika nikaifuta,
kwani binti alikuwa akiimba huku anapimwa
na mbavu zake hazikai pahala pamoja.
"Mwambie anyamaze," nikasema.
"Mwambie wewe," akajibu Mafunda.
Hakuna aliyemwambia.

Gauni lile lilikuwa la malkia,
kitambaa cha pazia la ofisi moja ya serikali
(ipi, sisemi mpaka leo).
Mchezo wenyewe wa kuimba mwanzo hadi mwisho;
hata barua ya kumfukuza mfalme iliimbwa.
Ukumbi mzima ulimtazama Kazija.
Mie nilitazama mshono wa kwapani:
alipoivuta ile sauti ya mwisho
uzi haukukatika.

Ikaja televisheni, na rangi zake.
Mpiga picha akasema nyeupe inawaka, inameza uso.
Tukachemsha chai sufuria nzima,
tukatosa shela la bibi arusi, tukalianika uani.
Usiku ule mtaa ulikaa majamvini mbele ya kioo,
watu wakilia pamoja na bibi arusi,
na mie peke yangu nikijua
kwamba ananukia majani ya chai.
Bibi arusi alikuwa mara saba kwa mkono wangu.
Ndoa zake mwenyewe mbili, na zote
alikwenda na nguo ya kuazima.

Hapa kurasa tupu. Miaka minne.
Mume wa kwanza hakutaka jukwaa.
Nilishona yunifomu za skuli.

Aliporudi, Mafunda aliita nambari mpya polepole
kama mtu anayesoma barua ya mwenziwe.
Nikafumua pindo, nikaachia mishono,
na mtunzi naye akayateremsha mahadhi
ngazi moja, mwakani ya pili,
kila fundi akipunguza na kuongeza upande wake.

Kisha filamu za kanda, za siku tatu,
nyumba ya kuazima Mbweni, jenereta likinguruma uani.
Kazija sasa mama mkwe, tena mwenye sumu.
Aliubana mdomo kwa ubaya hata Darajani
muuza tungule akakataa kumuuzia:
"Kamwombe radhi kwanza yule mtoto wa watu!"
Akaja dukani kwangu na kikapu kitupu, anacheka,
akataka gauni jengine,
mabega yawe makali zaidi.

Watoto wa mtaa leo wanamwigiza kwenye simu,
kile kikohozi chake cha kuingilia chumbani bila hodi.
Hawajui kama aliwahi kuimba.
Sauti imebaki ya kusemea,
na hiyo nayo ukiiamsha mapema inagoma.

Juzi kaja. Kaitwa tena,
bibi wa mtu, sehemu mbili, maneno kumi na moja.
Mafunda hatunaye, mwaka wa tatu huu.
Kaingia nyuma ya pazia peke yake na futi yangu
akaanza kuita nambari mwenyewe,
na sauti, wallahi, ilikuwa ya Mafunda,
ile "na nusu" yake ya kuburura
kama kiti kinachosogezwa taratibu usiku.
Nikaweka kalamu chini.
Nikaiokota.

"Kiuno thelathini na nne na nusu."

Uongo. Inchi tatu nzima za uongo.
Nikaandika thelathini na nne na nusu.
Kwenye kitambaa, mkasi
nikaupitisha mbele kidogo.