Ujumbe Huu Umefutwa

Mfongo wetu una kundi la simu,
watu sitini na watatu,
na picha ya kundi ni mlima, bila shaka,
ingawa tunachogombania ni maji.

Mimi ni mweka hazina. Nina daftari, nina simu,
vyote vimechafuka kwa tope lile lile la Machame.

Baba alitangaza zamu kwa kupiga pembe.
Sasa Aikande anaandika alfajiri:
leo maji ya juu, kesho ya chini, Jumapili ya Mungu,
na vidole gumba vinachomoza chini ya maneno yake
kama uyoga wa masika.

Sisemi ni vibaya.
Usiku ule ukingo ulipobomoka kwa mzee Aminiel
picha moja, giza tupu, imetikisika,
iliamsha wanaume kumi na saba.
Walipanda na majembe,
simu zimefungwa vichwani kwa vitambaa, zinamulika,
na kulipokucha kahawa ilikuwa bado imesimama.
Pembe isingewahi.

Ila siku ya kuzibua mfongo
nahesabu migongo, haifiki ishirini.
Wengine wananiambia kutoka mjini,
"Nimetuma elfu tano, mama, andika nimehudhuria."
Naandika: elfu tano.
Safu ya kuhudhuria naiacha wazi.
Elfu tano haijui kuinama.

Ndipo Januari, maji yamekuwa uzi,
Elinami akarekodi sauti ya sekunde arobaini.
Alisema Aisia ni mwizi wa maji
kama marehemu mumewe.
Tukamsikiliza, sisi sote,
mmoja akila, mwingine chooni,
mwingine kwenye foleni huko Ubungo.
Baada ya dakika nane:
*Ujumbe huu umefutwa.*

Umefutwa wapi?
Aisia alikuwa ameshausikia mara tatu,
ya tatu akiwa amezima taa.

Elinami akatuma mikono iliyokunjwa, jozi tatu,
za manjano, hazina kucha wala sugu.
Aisia hakujibu.
Kesho yake, katikati ya kioo,
kwa herufi ndogo za kijivu:
*Aisia ametoka.*

Ametoka kundini. Mfongo haukumtoa.
Maji yalizidi kupita kwake kwanza
ndipo yafike kwa Elinami,
na kila jioni Elinami alikunywa
yaliyotoka kwa mtu asiyesemeshana naye.

Wiki ya tano nilikwenda kwa Aisia kudai mchango.
Nikamkuta Elinami langoni,
mikono mitupu ya simu,
ameshika jani la isale
lililokatwa mpakani, pale alipolala baba yake.
Hakusema neno. Isale haihitaji mdomo.

Aisia alikuwa anasugua sufuria la ndizi.
Alimsimamisha.
Akasugua ndani, akasugua nje,
akasugua mpaka mfuniko, ambao haukuwa mchafu,
nami nikatazama migomba kama mgeni.
Kisha akafuta mkono kwenye khanga,
akalipokea jani,
akaonyesha kwa kidevu
takataka zilizoziba mfereji wake.
Wakainama, wawili.

Hakuna aliyepiga picha.
Nilifika nyumbani nikaandika kundini, "Wamepatana,"
nikalitazama neno,
nikalifuta kabla halijaondoka.
Nikafungua daftari badala yake
na kwenye safu ya kuhudhuria
nikaweka majina mawili,
ingawa haikuwa siku ya kuzibua.

Jioni maji yalinifikia yamechafuka kidogo,
yamebeba jani moja la mgomba lililowaponyoka.
Nililitoa mwenyewe.

Siku tatu baadaye simu ikatetemeka mezani:
Aikande amemwongeza Aisia.
Tukasubiri, watu sitini na wawili,
tuone atasema nini.

Akaandika:
"Zamu yangu lini?"